Laptopu imekuwa nzito: uitibu au uachane nayo?

Ukipeleka laptopu nzito kwa fundi, mara nyingi jibu la kwanza ni kupiga Windows upya. Kwa wiki mbili inakimbia, kisha inarudi palepale, kwa sababu kilichokuwa kinaibana ni diski, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa), joto au hata chaja, na Windows mpya haiponyi vitu hivyo. Kosa la upande wa pili ni ghali zaidi: mtu anamimina pesa za RAM na SSD (diski ya chipu isiyozunguka) kwenye mashine ambayo prosesa yake, ubongo wa mashine, haina pumzi, halafu miezi sita baadaye ananunua nyingine.

Mifano humu ni ya laptopu za kiofisi za mtumba, zile zilizojaa Kariakoo na katikati ya jiji la Nairobi: HP EliteBook 840, Lenovo ThinkPad za mfululizo wa T, Dell Latitude. Zinafunguka kwa urahisi na spea zake zipo. Laptopu nyembamba za bei ya chini zina hesabu yake, nayo ni fupi. Tutaifikia.

Pima kabla ya kununua chochote

Anza kwa "Restart", usitumie "Shut down". Katika Windows 10 na 11, kipengele cha Fast Startup hufanya "Shut down" ihifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha asubuhi jinsi kilivyokuwa. Mashine unayoizima kila usiku inaweza kuwa haijaanza upya kwa siku arobaini, na "Up time" kwenye Task Manager itakuonyesha hivyo.

Ikishawaka, iache dakika tano itulie, kisha fungua kazi zako kama unavyozifungua kila siku: kivinjari na kurasa zake zote, Excel, WhatsApp. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Performance", uandike kwenye karatasi:

- CPU: jina kamili la prosesa, "Base speed", na kasi inayoonekana sasa hivi chini ya "Speed".
- Memory: GB zilizopo, zilizotumika, na "Slots used" (1 of 2, 2 of 2).
- Disk 0: imeandikwa HDD (diski ya kuzunguka) au SSD, na asilimia ya "Active time".

Kama Windows Update inashusha au kusakinisha masasisho, subiri imalize. Kipimo kilichochukuliwa wakati huo hakifai.

Inawaka kwa dakika nne, diski iko 100%

Disk 0 ikiwa HDD na "Active time" imeganda karibu na 100% huku CPU iko chini ya 30%, umeshampata mhalifu. Diski ya kuzunguka ya laptopu, mizunguko 5,400 kwa dakika, husoma takriban MB 100 kwa sekunde faili likiwa limenyooka. Lakini Windows ikiwaka haisomi faili moja refu, inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Kila kimoja kinadai sindano ihame, na kwa sekunde moja diski hiyo haifikishi hata safari mia moja. SSD ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski) inafanya makumi ya maelfu, na faili refu inalisoma kwa MB 500 na zaidi. Ndiyo maana mashine ya 2014 iliyowekewa SSD inaweza kufungua Word kabla ya mashine mpya yenye HDD.

Kabla hujakimbilia dukani, tazama namba ya Memory. RAM ikijaa, Windows huhamishia ziada kwenye diski, nayo diski inaonekana mgonjwa kumbe ni RAM iliyozidiwa. Memory ikiwa juu ya 85% na diski 100% kwa pamoja, vyote viwili vinahitaji kushughulikiwa, SSD ikitangulia.

SSD gani? Laptopu za miaka ya 2012 hadi 2016 nyingi zina nafasi ya inchi 2.5, na SSD za SATA za kawaida zina unene wa milimita 7. Nafasi ya zamani ya milimita 9.5 itahitaji fremu ndogo ya plastiki ili isicheze. EliteBook 840 G3 ina nafasi hiyo na pia tundu la M.2 (la SSD nyembamba kama kijiti) la ukubwa wa 2280, yaani milimita 22 kwa 80. Kama mashine yako ina tundu la M.2, jua kwanza linapokea nini: M.2 ni umbo tu, ndani yake kuna SATA na kuna NVMe, iliyo mpya na ya kasi zaidi. Zenye mikato miwili kwenye meno kwa kawaida ni SATA, zenye mkato mmoja mara nyingi ni NVMe. Ukichomeka NVMe kwenye tundu la SATA pekee, haitaonekana kabisa kwenye BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), na muuzaji atakuambia umeiunguza.

GB 240 au 256 zinatosha kwa kazi za ofisi, ilimradi usiijaze kupita 85%, kwani SSD za bei nafuu hupoteza kasi zikikaribia kujaa. SSD ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya GB 240 ni ya bandia: ndani kuna chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake, na faili zako zitaandikwa juu ya zenyewe. Programu ya H2testw huijaza yote kisha huisoma tena, na uongo hujitokeza. Fanya hivyo siku ya kununua, kabla haijabeba kitu chako.

Kuhamisha mfumo mzima kwa programu ya Clonezilla kunaokoa muda kama Windows iliyopo ni safi. Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Kama Windows hiyo ina miaka mitano na programu zisizojulikana, sakinisha upya: fleshi ya GB 8, Media Creation Tool ya Microsoft (programu inayoweka Windows kwenye fleshi), halafu F9 kwenye HP au F12 kwenye Dell na Lenovo ili uwake kutoka kwenye fleshi. Usinunue leseni. Laptopu zilizotoka kiwandani na Windows 10 au 11 kwa kawaida zina ufunguo ndani ya BIOS, na ukisakinisha toleo lilelile (Home kwa Home, Pro kwa Pro) itajiamilisha yenyewe ikipata intaneti.

Inaganda sekunde kadhaa, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea

Hapa usiwe na haraka, maana faili zako ziko hatarini. Kuganda kwa vipindi, mlio wa tiki-tiki, na folda moja inayochukua dakika nzima kufunguka ni dalili za HDD inayokufa. Fungua programu ya CrystalDiskInfo utazame mistari mitatu: 05 (sekta zilizohamishwa), C5 (zinazosubiri kuhamishwa) na C6 (zisizosomeka). Thamani ghafi ya C5 au C6 ikizidi sifuri, nakili picha na nyaraka zako sasa hivi, ukianza na zile usizoweza kuzipata kwingine. Usiendeshe chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua diski) wala kupanga diski upya (defragment) kabla ya kunakili. Kazi hizo huilazimisha diski mgonjwa kusoma kila kona, na nyingi huzimika katikati.

Namba ya C7 (makosa ya mawasiliano ya waya) ikipanda peke yake, shuku waya badala ya diski. Ugonjwa huo unajulikana sana kwenye MacBook Pro ya inchi 13 ya 2012 isiyo ya Retina: watu wamebadilisha diski mara tatu, kumbe utepe wa SATA unaopita chini ya kifuniko ndio uliochakaa.

Inawaka vizuri, inalemewa ukifungua kurasa nyingi

SSD ipo, lakini ukifika ukurasa wa kumi kipanya kinaanza kuburuta. Memory iko 90%. GB 4 hazitoshi tena kwa kivinjari cha leo, GB 8 ni kiwango cha kuishi nacho, GB 16 ni raha. Zaidi ya hapo kwenye laptopu ya kiofisi ya zamani ni kupoteza pesa, labda uwe unaendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) au unahariri video.

Tazama jambo moja linalosahaulika: Settings, System, About, mstari wa "System type". Ukisoma "32-bit operating system, x64-based processor", Windows yako inaweza kutumia chini ya GB 4 tu hata ukiweka 16. Mashine nyingi zilizopigwa Windows vichochoroni ziko hivyo. Tiba ni kusakinisha toleo la biti 64, na hakuna njia ya kulipandisha bila kufuta.

Kununua RAM kunadai usahihi. DDR3 ya laptopu ina pini 204, DDR4 ina 260, na mkato uko mahali tofauti, kwa hiyo haziingiliani. Mtego uko ndani ya DDR3 yenyewe: kuna ya volti 1.5 na kuna DDR3L ya volti 1.35, umbo moja. Laptopu za prosesa za kizazi cha 4 kama EliteBook 840 G1 zinataka DDR3L, iliyoandikwa PC3L kwenye lebo. Ukiweka ya volti 1.5, skrini inabaki nyeusi. 840 G3 inatumia DDR4 na ina sloti mbili, hadi GB 32. ThinkPad T440s ina GB 4 zilizogandishwa kwenye ubao na sloti moja tu.

Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye seva za akili bandia. Hivyo RAM iliyotolewa kwenye laptopu iliyokufa ni biashara nzuri, kwani RAM haichakai kwa kuandikwa kama SSD. Ipitishe kwenye programu ya MemTest86 mzunguko mmoja kamili. Kosa hata moja jekundu, irudishe.

Kuifunga RAM mpya: chomoa chaja, fungua kifuniko, chomoa waya wa betri ya ndani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15, gusa chuma kuondoa umeme tuli. Ingiza kijiti kikiwa kimeinama, sukuma hadi meno ya dhahabu karibu yapotee, kisha kilaze mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Mashine ikiwaka bila picha, ipe dakika moja. BIOS nyingine huchukua muda kuizoea RAM mpya mara ya kwanza. Ikikataa kabisa, itoe, isugue meno kwa kifutio cha penseli, ipanguse, irudishe. Kosa la kawaida ni kutoifikisha mwisho.

Inakimbia dakika kumi, kisha feni inalia na kila kitu kinapungua

Joto. Prosesa nyingi za Intel za laptopu hujipunguza mwendo zikifika karibu nyuzi 100 za Selsiasi ili zisiungue. Programu ya HWiNFO itakuonyesha nyuzi na neno "Thermal Throttling: Yes". Mashine ya mtumba iliyokaa mezani miaka sita ina blanketi la vumbi kati ya feni na mapezi ya shaba, na ukipuliza kwa nje tu unalisukuma ndani zaidi. Fungua, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, toa vumbi kwa brashi. Pasta ya joto iliyokauka ifutwe kwa alkoholi, iwekwe mpya kiasi cha punje ya mchele, na skrubu za bomba la shaba zikazwe kwa mpangilio wa namba zilizochongwa kando yake. Gharama yake ni ndogo kuliko spea yoyote humu, na mara nyingi ndiyo inayoahirisha safari ya kununua mashine nyingine.

Laptopu inayotumiwa kitandani haina ugonjwa. Matundu yake ya hewa yapo chini, na godoro limeyaziba.

Nzito muda wote, "Speed" haivuki 0.8 GHz

Huu ndio ugonjwa unaopoteza mashine nzima bure. Prosesa ya 2.4 GHz inatembea kwa 0.4 hadi 0.8 hata ukifungua mambo kumi, na joto liko nyuzi 45 tu. Mara nyingi chanzo ni chaja. Chaja za Dell za pini ya katikati huzungumza na laptopu kupitia pini hiyo. Ikivunjika, au chaja ikiwa ya kuiga, Dell huandika wakati wa kuwaka kwamba aina ya adapta haijulikani, haichaji betri, na hubana prosesa. Ichomoe chaja utumie betri dakika mbili: kasi ikipanda, umepata jibu. Azima chaja halisi ya wati sahihi kabla ya kununua.

Betri iliyokufa au iliyoondolewa nayo huleta hali hiyohiyo kwenye baadhi ya mashine, kwa sababu chaja peke yake haiwezi kubeba mizigo ya ghafla. Betri ikivimba, hata touchpad ikainuka au kifuniko kikaachia upande, itoe leo. Usiitoboe.

Vipimo vyote ni vizuri, bado nzito

Kwanza tenga intaneti. Zima Wi-Fi, fungua faili kubwa la Excel lililo kwenye mashine. Likifunguka haraka, kompyuta ni nzima na tatizo ni mtandao. Ukitumia intaneti ya simu, weka muunganisho huo kuwa "Metered connection" ili Windows isile bando kwa masasisho makubwa huku ukidhani ukurasa unakataa kufunguka.

Baada ya hapo tazama "Startup apps" na uzime usivyovihitaji. Programu mbili za kuzuia virusi kwa pamoja hukagua kila faili mara mbili, bakiza moja. Na kama Windows iliamilishwa kwa programu ya wizi, CPU ikiwa 60% mashine ikiwa imekaa tu, huenda kuna mchimbaji wa sarafu za kidijitali ndani. Hapo ndipo kupiga Windows upya kunapostahili, kutoka kwenye faili la Microsoft lenyewe, siyo kutoka fleshi ileile ya fundi.

Zisizotibika

Laptopu ndogo zenye Celeron, GB 4 zilizogandishwa kwenye ubao na hifadhi ya eMMC (chipu ya hifadhi iliyogandishwa ubaoni) ya GB 32 au 64: hakuna cha kubadilisha, na Windows peke yake inaimeza hifadhi hiyo. Iwekee Linux Mint ya XFCE (mfumo wa bure badala ya Windows, toleo jepesi), imfae mtoto wa shule kuandikia, au iuze. Core 2 Duo nayo haiwezi kuwasha Windows 11 kuanzia toleo la 24H2, kwa kuwa prosesa haina maagizo ambayo toleo hilo linayadai.

Kati ya hizo na zile za afadhali kuna mstari mmoja muhimu: kizazi cha 8 cha Intel. Soma jina la prosesa, na kwa majina ya muundo huu ondoa tarakimu tatu za mwisho: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Kabla ya kizazi cha 8, i5 na i7 zinazoishia na U zilikuwa na kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) mbili. Kuanzia cha 8 nyingi zina nne. Tena ndipo Windows 11 inapoanzia kukubali rasmi, isipokuwa chache za kizazi cha 7, na mashine iwe na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya bure kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza kwa watu binafsi ulitangazwa kufika 13 Oktoba 2026. Kuna njia za kuipenyeza Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha 6, na inafanya kazi, ila toleo jipya la kila mwaka utalazimika kulipenyeza tena kwa mkono. Kwa mashine ya kazi za benki au ofisi ya watu hatuipendekezi. Kwa hiyo weka Linux Mint 22, inayopata masasisho hadi 2029, kama programu zako zinakubali.

Hesabu

Jumlisha SSD, RAM, betri, chaja na ujira wa fundi. Ikivuka nusu ya bei ya laptopu ya kizazi cha 8 iliyo hali nzuri, acha. Lakini usihesabu kila shilingi sawasawa. SSD utahama nayo: ya inchi 2.5 itaingia kwenye kasha la USB kama diski ya nje, ya NVMe itaingia kwenye mashine ijayo. RAM ya DDR4 kutoka 840 G3 inaingia kwenye 840 G5 na ThinkPad T480. DDR3L na betri hufa na mashine yake. Kwa hiyo kwenye kizazi cha 4, weka SSD tu kama GB 8 zipo, na usimame hapo. Kwenye kizazi cha 6 au 7, SSD na RAM pamoja vina mantiki, ukijua ni vya kuhamishika.

Ukiamua kununua nyingine, jina la modeli halitoshi: baadhi ya T480 na 840 G5 nazo zilitoka na prosesa za kizazi cha 7, i5-7300U, na mezani zinafanana kabisa na za kizazi cha 8. Fungua msinfo32 (taarifa za mfumo za Windows) mbele ya muuzaji. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ufungue faili litakalotokea, ulinganishe "Design capacity" na "Full charge capacity". Chini ya 60%, punguziwa bei ya betri. Ingia BIOS uhakikishe haina nywila. Mwisho, omba ifutwe na ianzishwe upya ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako. Ikitokea skrini yenye jina la kampuni fulani ikidai barua pepe ya mfanyakazi wake, mashine hiyo bado imeandikishwa kwa mwenyewe wa zamani, na kufunguliwa kwake hakuko mikononi mwa muuzaji. Mrudishie hapohapo, pesa ikiwa bado mfukoni mwako.